Mbichi au Mkavu

Kadi imebakiza nafasi ya picha mia nne na kumi
nikizibana.
Nikiziacha ghafi, hamsini na nne.
Na Milembe hajamaliza kumwaga hata ndoo ya kwanza.

Igombe, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Dagaa wanatandazwa juu ya nyavu kuukuu,
jua linachungulia nyuma ya bega lake,
ziwa jeupe kama sahani iliyooshwa,
na uso wake, ninaoutaka, umo gizani.

Kidole gumba kimesimama juu ya kitufe
kama mgeni mlangoni
asiyejua avue viatu au apite navyo.

Bwire, tunayegawana naye kodi ya studio pale Kirumba,
angekuwa ameshacheka.
"Bana, rusha, lipwa. Nani alikulipa kwa kivuli?"
Kweli. Harusini Nyegezi, pilau haijapoa
shangazi wa bwana harusi keshanishika mkono: nirushie!
Namrushia.
Picha inafika Geita, inafika Maskati,
bibi harusi hajavua hata kiatu.
Sioni aibu. Ugali wangu umo humo.

Milembe ananiona nimeduwaa, anadhani nawaza bei.
"Mbichi hamalizi siku bila barafu," ananifundisha,
"mkavu anafika Kongo kwenye gunia."
Anageuza wachache kwa fagio, anafikiri.
"Ila ukishamkausha basi.
Ukimloweka atanenepa, lakini haogelei."

Haogelei.

Mwaka juzi, Nansio, mama mdogo Nyamwija
alikaa kizingitini, khanga kichwani,
nyuma yake chumba cheusi, mbele yake mchana mkali.
Nilimbana.
Nilikuwa natunza nafasi ya harusi ya kesho yake,
ya watu ambao leo siwakumbuki majina.
Alipofariki wakataka picha ya kutangulia jeneza.
Nikaifungua, nikavuta mwanga taratibu
kutoka chini ya ile khanga,
kama anayevuta ndoo kisimani.
Vikaja vigae.
Vigae vya bafuni, vya zambarau na matope, mraba kwa mraba.
Siku ile mashine ilikuwa imeshaamua peke yake:
hapa hamna kitu, ni giza,
na giza lote ni moja.
Mle gizani kulikuwa na macho mawili yaliyonilea.
Tulimzika kwa picha ya kitambulisho,
amekunja uso kama anayedaiwa.

Lakini nisijifanye mtakatifu wa picha ghafi.
Kabatini Kirumba nina diski nzito kama tofali,
imejaa mbichi za miaka minne,
sijazifungua, sijazipika, hazina mwenyewe.
Nyingine ilidondoka usiku umeme ulipokatika,
ikaondoka na kipaimara cha parokia nzima;
mpaka leo nikimwona katekista navuka barabara.
Hata mbichi huoza, tena kimyakimya,
bila harufu ya kukuonya.
Na zile nilizozibana, zile za haraka, za bei ya soda,
ziko kwenye simu za watu,
zimepasuka kioo pamoja nao,
zinabusiwa.

Kwa hiyo sijui.
Ningejua ningekuwa nimeshapiga.

"Wewe," Milembe ananyoosha mgongo,
"unapiga au unasali?"

Nazungusha kitufe.
Hamsini na nne.
Hamsini na tatu: yangeyange kapita mbele ya lenzi, mwizi yule,
na dagaa mdomoni.
Hamsini na mbili: Milembe anamfukuza kwa fagio,
anageuka akiwa bado na kicheko,
na kivuli chote cha uso wake kinaingia, kizimakizima, na uzito wake.

Anakuja kuchungulia, mikono inameta magamba.
Kwenye kioo kuna ziwa, kuna fagio,
na katikati pameziba weusi.

"Mbona sionekani?"

"Umo," namwambia.
"Subiri umeme urudi."